Jiko Lisilolala Mwezi wa Mfungo

Jumanne, 24 Septemba 1974. Mwezi wa tano tangu niondoke Singida.

Kosa ni langu. Nilipomtajia mwenye hoteli bei ya kujaza upya maungio ya vigae vya sakafu ya jikoni, nilihesabu siku nne tu. Mimi Mkristo nilidhani mwezi wa Ramadhani jiko hulala mchana kutwa, na saruji ingepata kukauka.

Kumbe hapa Ujiji moto wa futari huwashwa tangu adhuhuri. Leo Mama Zaituni, mpishi, amepita na sufuria ya maharage juu ya mistari niliyoijaza asubuhi. Nikamwonyesha nyayo zake.

"Fundi, ulidhani futari inashushwa na malaika?"

Wenzake walicheka. Jioni alinipa bakuli la uji, nikanywa huku nikizitazama zile nyayo.

Itabidi nichokonoe yote, kisha nijaze kipande kidogo kila siku baada ya daku. Bei tulishapatana, siwezi kuipandisha.

Mke wangu ameandika kwamba mwisho wa mwezi huu wanahamishiwa kijiji kipya. Niliahidi kuing'oa milango ya nyumba yetu kwa mikono yangu, tuhame nayo. Sasa nitarudi baada ya Idi. Nitashuka treni Itigi, niulize watu kwangu ni wapi.