Hapana Niliyomsemea Mama

Jumatatu, 9 Juni
Nimempima Mama sukari asubuhi. Iko juu. Amechambua omena, dagaa wa ziwani, tena na kuacha mchanga tele, na wateja hapa Sori wameanza kununa. Macho yanamwisha. Alhamisi tunaenda kliniki Homa Bay. Atachomwa sindano ya rangi mkononi, kisha wampige picha ndani ya macho. Tumengoja nafasi hii miezi mitatu. Siku hizi sina subira na mtu.

Jumatano, 11 Juni
Nimesoma karatasi ya kliniki. Ngozi itageuka manjano kwa saa kadhaa. Mkojo utakuwa rangi ya machungwa siku moja au mbili. Anaweza kutapika. Mara chache mtu huvimba na kukosa pumzi, na hiyo ni hatari. Aliyewahi kudhuriwa na dawa yoyote aseme kabla.

Mama alivimba uso zamani, sindano ya zahanati. Nilikuwa darasa la nne. Nakumbuka vizuri.

Wakimrudisha nyumbani kwa ajili ya hilo je? Nimeikunja karatasi.

Alhamisi, 12 Juni
Lazima niandike.

Mama huuza omena kwa Kiswahili kutwa, ila mbele ya daktari mimi ndiye mdomo wake. Ndiyo desturi yetu, mtoto aliyesoma humsemea mzazi. Sista, muuguzi wa kliniki ambaye si mtu wa huku na hajui Dholuo, akauliza kama kuna sindano iliyowahi kumdhuru. Mama akanieleza kwa Dholuo, polepole, habari ya zahanati. Nikamgeukia sista. Nikasema hapana.

Rangi ikaingia. Picha mbili tatu. Halafu akaanza kujikuna shingo. Midomo ikavimba. Pumzi ikawa inakoroma. Wakamlaza, wakamchoma sindano ya paja, wakamwekea oksijeni. Mimi nimesimama ukutani kama gunia.

Yuko hai. Analala wodini. Sista ameniuliza tena. Nimesema sijui.

Mimi ni mwoga.

Ijumaa, 13 Juni
Ameruhusiwa. Mkojo wa machungwa, kama ilivyoandikwa. Amekula ugali vizuri. Najichukia.

Sabato, 14 Juni
Kanisani sikuimba.

Jumanne, 17 Juni
Tulirudi kuchukua majibu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kukiri. Tulipoketi, Mama akanitangulia, kwa Kiswahili chake cha sokoni:

“Sista, andika. Sindano ilinifurisha kitambo. Huyu alijua. Na mimi nilimskia akisema hapana, nikanyamaza. Sisi wote tulitaka macho.”

Nililia mbele ya watu. Sista hakufoka. Aliandika kwenye kadi kwa kalamu nyekundu, akasema kadi hiyo ionyeshwe kila hospitali, na rangi ile asipewe tena. Jicho la kushoto lina mishipa inayovuja. Litatibiwa.

Kadi nimeibeba mimi. Mama alitembea mbele, akiwauliza watu mwenyewe mlango wa kutokea uko wapi.