Wimbo wa Saba wa Chumvi Kali

Jumatatu, 3 Machi

Sijamwambia mtu. Wimbo wa saba kwenye albamu mpya ya Chumvi Kali, bendi ya Baba, nimeutunga mimi.

Baba anaamini ni wa marehemu kaka yake, Baba Mkubwa Bakari, aliyekuwa akiitungia bendi nyimbo zote. Wote wanaamini hivyo. Kabla hawajaenda kurekodi walipungukiwa wimbo mmoja. Baba akanipa daftari la marehemu nitafute, hata kipande. Sikupata. Zote walishaziimba. Kwa hasira nikaandika wa kuwakejeli, ukurasa wa nyuma, kwa penseli na herufi kubwa kama alivyoandika yeye. Nikatia mazoea yao yote. Mbio mbio, kiitikio cha kupiga kelele, na mtu anayeapa ataondoka kisiwani:

Nimesimama mwisho wa gati,
boti ikija n'tapanda,
wallahi n'tapanda,
ikinipita hii, ijayo n'tapanda.

Nikaenda kuteka maji. Kurudi, Baba kashika daftari, machozi yanamtoka. Ningesema pale pale. Sikusema.

Shuleni nikinyamaza wanadhani Kiingereza kimenishinda. Hata Kiswahili kinanishinda mdomoni. Naweza kuandika tu.

Mtu anakuja. Nalikalia daftari langu hili, kama kawaida.

Jumatano, 5 Machi

Shule. Maji. Nazi. CD ya kwanza imefika kutoka Dar, bado haina jalada.

Baba anatengeneza injini za boti za hifadhi ya bahari, na kwenye karakana yake hiyo hiyo wanapiga muziki wa panki tangu sijazaliwa. Hifadhi ilipoanza, mzungu mmoja aliyekuja kuhesabu kasa aliwaachia boksi la kaseti za panki. Hawajatoka humo tena. Sasa wana vitambi. Ami Shomari anapiga ngoma kakalia mto kwa sababu ya kiuno.

Nimeisikiliza CD yote. Nyimbo kumi, na zote ni ule ule mmoja. Najua ngoma zitanyamaza wapi kabla hazijanyamaza. Najua Baba atavuta pumzi wapi. Nimechoka nao kama ninavyochoka na muhogo. Halafu nikajikuta naitikia.

Ami Shomari akapiga paja. "Huo wa saba sasa! Bakari yuko kaburini na bado anatushinda. Nyie watoto wa siku hizi mtatunga nini? Kubonyeza simu!"

Akanicheka. Na mimi nikacheka. Kisha nikaenda kujifungia chooni.

Ijumaa, 7 Machi

Baba kanipakia kwenye pikipiki mpaka kijiji cha Kanga, kwa Mama Mkubwa Saumu, mjane wa Baba Mkubwa. Akamwekea wimbo wa saba kwenye simu. Mama Mkubwa hakulia. Akasema urudiwe. Ukarudiwa. Akaomba daftari abaki nalo. Baba akampa kwa mikono miwili, akamwambia jalada litaandikwa kuwa huu ni wimbo wa mwisho wa Bakari.

Njiani Baba aliimba. Nilikuwa nyuma nimemshika kiunoni. Mgongo wake ulikuwa unatetema kwa maneno yangu. Nilitaka kushuka.

Jumapili, 9 Machi

Nimechoka. Sina la kuandika.

Jumanne, 11 Machi

Mama Mkubwa kaja hapa Kilindoni kuuza mihogo, akapitia kwetu. Nilikuwa juu ya mbuzi, nakuna nazi. Shikamoo. Marahaba. Akaketi mkekani, akafungua daftari ukurasa wa nyuma.

"Mwanangu, Bakari tumemzika gati halijajengwa, watu tunapandisha nguo mpaka magotini, tunaifuata boti majini. Gati hili kaliona wapi?"

Nikakuna. Nikakuna mpaka nikafika kwenye kifuu, chicha likawa jeusi.

"Baba yako hajang'amua. Wanaume hawa wakisikia ngoma hawasikii maneno."

Nikachukua nusu nyingine ya nazi.

"Wimbo mzuri," akasema. "Hata nami nimeupenda. Lakini maiti hana mdomo wa kukataa. Usimsemeshe asilolisema. Mimi simwambii mtu, hilo ni lako."

Akaniachia daftari mkekani, akaenda zake na kapu lake.

Mambo yote niliyoyaiga, gati tu ndilo sikulifikiria. Nalipita kila siku.

Alhamisi, 13 Machi

Karatasi ya jalada inaondoka kesho kwenda Dar kuchapwa. Nimekwenda karakana mara mbili. Mara ya kwanza Baba alikuwa kalala chini ya injini, nikarudi. Mara ya pili akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa. Tangu kaka yake afe hajawahi kumwota. Hata sauti yake alianza kuisahau. Sasa ukifika wa saba anamsikia.

Nikisema, namzika kaka yake mara ya pili. Nisiposema, jina la marehemu linachapwa juu ya uongo wangu, na Mama Mkubwa atalisoma kila siku.

Nikamwambia chai tayari. Nimejichukia.

Ijumaa, 14 Machi

Swala imekwisha. Mvua kidogo. Karatasi ya jalada iko mezani kwangu. Baba kaniachia nimsahihishie shukrani za Kiingereza. Makosa matatu, nimeyarekebisha. Kwenye namba saba, mbele ya neno mtunzi, nimekata Bakari kwa mstari mmoja wa kalamu. Jina langu sikuliandika. Hilo aliandike yeye, akitaka.

Pembeni nimeweka daftari la marehemu.

Kuna kitu Jumatatu sikukiandika. Haikuwa kejeli yote. Pale gatini ninayesimama ni mimi. Huwa naenda nikitoka shule, naangalia watu wanavyopanda, halafu narudi kukuna nazi. Nilidhani nawaiga wao. Labda ndiyo maana Baba alilia.

Nikimaliza mstari huu nitafunua ukurasa wa Jumatatu, niliache daftari langu hili wazi.

Mlango wa uani. Ndala za Baba zinaburuza kwenye saruji. Anaimba wa saba, chini chini. Kafika pale pa kuvuta pumzi.

Leo silikalii. Nasimama.