Mabati Nyuma ya Jiko Lako

Mwakio, ndugu yangu,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba kamera huona. Miaka mingi niliwafundisha watoto wa Mbololo kwamba jicho hupokea mwanga tu na akili ndiyo inayoona, lakini siku nilipoishika kamera nilisahau somo langu mwenyewe. Kamera haikuona kitu. Aliyeona ni mimi, na nilikuwa nimeshaamua nitakachoona.

Unakumbuka nilivyokuja nayo. Mwalimu mzima, mvi zimeanza, nimerudi kuwa mwanafunzi Nairobi kusomea filamu za mafunzo. Chuo kilitaka kila mmoja wetu atengeneze filamu fupi ya kweli kuhusu watu wanaosaidiana. Sikuumiza kichwa. Nilichagua kikundi chako cha kuwaezekea wazee na wajane nyumba zao. Siku ya kwanza uliizunguka kamera kama mtu anayenunua ng'ombe, ukasema, "Mwalimu, haiumi? Basi ije, lakini mwenyewe atachota maji kama wengine." Na kweli nilichota maji mitungi miwili kabla sijapiga hata picha moja.

Shuku yangu ilianzia kwenye nyumba moja. Zilikuwa saba, na ya saba ilikuwa ya Nyanya Mghoi, jirani yako wa huko juu. Sita ulinipeleka mwenyewe. Ya saba, kila nikiuliza, ulisema, "Hiyo tuiache, Mwalimu." Nikiuliza kwa nini, ulianza kuzungumza habari za mvua. Mimi ni mtu wa hesabu. Jibu likikosekana, namtafuta aliyelificha. Nikaanza kukuchunguza. Niliangalia hata viatu vyako kama ni vipya.

Asubuhi moja nilijibanza kwenye migomba nikawapiga picha, wewe na mkeo, mama Wakesho, mmebeba mabati ya kikundi mkiingia nayo kwenu. Jiko lenu lilikuwa jipya, paa linametameta. Nikalipiga pia. Kule chuoni, kwa mkasi na gundi, niliunga ile picha ya mabati njiani na ile ya jiko lako. Sikuandika neno lolote la kukushtaki. Sikuhitaji. Picha mbili zikikaa jirani, mtazamaji hujitengenezea ya tatu kichwani, na hiyo ndiyo huiamini kuliko zote kwa kuwa ni yake. Nililijua hilo, Mwakio. Ndilo lililonipa alama nzuri.

Kisha nikaileta nyumbani. Mchana wa Jumamosi, ukumbi wa kanisa, madirisha tumeyaziba kwa mablanketi. Watu walicheka walipojiona. Mabati yalipoingia kwako, kicheko kikakatika, na mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Kumbe mabati ya wajane yana miguu! Yanajua njia ya kwa mwenyekiti!" Filamu ilipoisha ulisimama ukaanza kuyashusha mablanketi, ukayakunja moja moja, ukaniambia, "Umepiga vizuri, Mwalimu." Neno hilo nililichukua kuwa ni kukiri.

Wiki mbili baadaye nilipita kwenu nikaona mabati yameegemezwa nyuma ya jiko, yana matundu ya misumari. Nikasema moyoni, ushahidi huo. Kikundi kilikufa kabla ya mavuno. Miaka kumi na zaidi tumesalimiana njiani kama watu wanaongoja basi moja, na kila nikipita nilichungulia kama yale mabati bado yapo. Yalikuwepo. Hukuyatumia, hukuyauza. Hilo nalo nililishuku.

Mwezi uliopita tulikuzika. Nyanya Mghoi alikuja, ameshikwa mikono na wajukuu wawili, nami nikajiuliza amefuata nini. Alinikazia macho mbele ya watu wote. "Mwalimu, yale mabati yalikuwa yangu."

Ndipo nikajua ukweli. Alikuwa amegombana na marehemu baba yako juu ya mpaka wa shamba, akaapa kwamba kitu cha nyumba yenu hakitavuka kizingiti chake. Wewe ukamwambia mabati yametoka kanisani, ukayapitisha nyuma ya jiko lako pasipo macho ya watu, ukaleta fundi mgeni kutoka Marungu ayapige misumari. Habari za filamu yangu zikamfikia masikioni, akajua yamepitia kwenu. Aliamuru yang'olewe siku ileile yarudishwe kwako, na masika yale akalala chini ya nyasi zilizooza. Paa la jiko lako ulikuwa umelinunua mwenyewe.

Sisi Wadawida tunajua, ingawa kanisani hatulisemi kwa sauti, kwamba hasira ya mzee haikai moyoni bure; huwatafuta watoto. Hutolewa kwa kutasa: mtu hujaza kinywa maji au tembo la miwa, akayapuliza yakatawanyika, akatamka kwamba moyo wake umetulia. Nyanya Mghoi aliomba kikombe cha maji. Akapuliza juu ya udongo wako mbichi, akasema, "Itoke. Kwa baba yake itoke, kwake itoke, isimguse mtoto." Mchungaji akatazama viatu vyake.

Mimi sikuomba kikombe. Niliona haya.

Lakini tabia haifi haraka, na bado nashuku jambo moja. Nimeitazama filamu ile tena. Kabla hujaingia kwako unageuka, unaangalia moja kwa moja kwenye migomba. Muda mfupi tu. Kisha unaendelea kutembea. Uliniona, ndugu yangu? Uliniona ukaniacha, ukitumaini kwamba rafiki yako atauliza mara moja zaidi? Nashuku hivyo. Usiku na mchana nashuku hivyo.

Lala, Mwakio. Nakuahidi nitayaziba tena madirisha yale kwa mablanketi, niionyeshe filamu ileile, nisimame niseme kwa mdomo wangu nilichokata na nilichounga. Kisha nitaomba kikombe cha maji.

Barua hii anakusomea binti yako hapo kaburini, nami nina neno naye. Wakesho mwanangu, Nyanya bado analala chini ya paa la nyasi, na sasa moyo wake ni mweupe. Ukimaliza kusoma, toa yale mabati nyuma ya jiko umpandishie leo hii, kwa njia ya mbele.