Kisahani cha Mita ya Ploti

Baba Zuhura wangu,

Umeniacha na kompyuta mbili na mdomo usio na wa kumtania. Basi nakuandikia.

Unakumbuka ulivyozileta hapa Majengo, mitumba ya watu, umezifunga kwa blanketi letu la kulalia? Shule yetu ya kuchapa ilikuwa inakufa. Hakuna msichana wa Nyeri aliyetaka tena taipureta, na hizo mashine ndizo zilikuwa tumaini letu. Hata hujazifungua, Mama Rukia, mwenye ploti hii ya vyumba tuliyopanga, akasimama mlangoni: "Ati hii ni nini? Hii kitu itamaliza stima ya ploti yote. Rudisha, ama uhame."

Mita ilikuwa moja, bili tukigawana vyumba vyote, ndiyo maana alipiga marufuku pasi, na jiko la koili ndiyo kabisa. Ukageuza mashine, ukasoma namba za nyuma, ukajumlisha. Nilikuona umeingiwa na hofu. Kisha ukasema, "Hizi namba ni kiasi cha juu kabisa mashine inaweza kuvuta. Si lazima ivute hivyo. Twende tuulize mita."

Ukawaomba majirani wazime kila kitu, ili kile kisahani cha mita kisimame, halafu tuwashe kompyuta peke yake tuone kinazunguka vipi. Tukajipanga uani, Mama Rukia mbele, mikono kiunoni. Kisahani hakikusimama. Kilikuwa kinakimbia!

"Si nilisema?" akafoka. "Inakula hata kama imezimwa!"

Harufu ya maharagwe ilikuwa inatoka dirishani kwake. Nikafungua mdomo, ukanikanyaga mguu. "Mita za zamani huchelewa kutulia," ulisema, mwongo wangu mpole. "Mama, si uingie ndani kidogo, hili jua ni kali."

Akaingia, akatoka. Kisahani kikasimama. Tukawasha kompyuta zote mbili, kikaanza kujikokota, hata hakikukaribia zile mbio za kwanza.

"Kumbe inakula kidogo hivi," akasema, bila kututazama.

Nilikununia siku nzima. Ungemwumbua tu! Ukacheka, ukaniambia mtu havuliwi nguo mbele ya wapangaji wake. Nilikupenda hata nikiwa nimenuna, sikukwambia tu.

Pengo lako linaniuma, hasa asubuhi nikifungua darasa peke yangu. Chumba cha darasa kilikuwa kwa jina lako, na wenye maduka walishaanza kukiulizia. Siku ya arobaini yako, wageni walipoondoka, Mama Rukia alibaki, akaketi karibu nami mkekani.

"Bwana yako alijua ile siku ni mimi nilikuwa nimewasha koili," alisema. "Hakuambia mtu. Hii chumba ni yako, kaa mpaka uchoke mwenyewe."

Nililia kuliko nilivyolia siku ya mazishi, maana nilikuwa nimeshafunga virago. Nimevifungua, mpenzi. Pumzika.

Mkeo,
Mama Zuhura