Geuka Ubavu Kwanza

Editha, mwanangu,

Marahaba. Nimekuitikia kabla hujaniamkia, maana najua ungeniamkia. Mdogo wako Konsolata ananiamkia kila siku, sisemi hapana, lakini wewe ulikuwa unasema shikamoo macho bado umefumba, kwa ile sauti ya kitandani, mpaka mimi huku jikoni nacheka peke yangu.

Mimi siyo mtu wa kuandika, unanijua. Niliishia darasa la nne, na herufi zangu zinalala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Lakini kuna jambo limetokea hapa nyumbani, na mtu wa kumwambia ni wewe. Baba yako nilimwambia, akasema vizuri, akaenda kwenye kahawa yake. Unamjua.

Kwanza habari za hapa. Maharage uliyoyaacha yanatoa maua tumeshavuna, siyo mabaya. Yule mbuzi wako mwenye doa amezaa mapacha. Mgomba ulioupanda wewe umetoa mkungu mzito hadi tumeuwekea nguzo. Mama Devota jirani yetu bado ana mdomo ule ule.

Sasa nikuambie.

Unakumbuka siku uliyorudi kutoka Biharamulo? Masista uliokuwa unawapikia waliona moyo wako umezidi kuchoka, wakakuambia nenda nyumbani ukapumzike. Moyo huo ulikuwa na shida tangu utotoni, tulishazoea kukuona unasimama katikati ya kilima, mkono kiunoni, unajifanya unaangalia ndege. Ulishuka kwenye basi na begi moja, kichupa cha samli ya Nyakahura, na kimkeka cha sponji cha zambarau umekiviringisha vizuri. Nikauliza hiki nacho ni nini. Ukasema, "Cha yoga, mama. Sista mmoja Mhindi alinifundisha. Yeye anafanya kila siku kabla ya misa." Moyoni nikasema, haya, mtoto kaenda kupika, karudi na dini nyingine.

Kesho yake nikakukuta nyuma ya nyumba, pembeni ya migomba, umeinama umeshika vidole vya miguu. Nikakuambia, "Mimi nainama kwenye maharage tangu nimeolewa, na hakuna sista aliyekuja kunisifu." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Halafu ukasema neno ambalo sijalisahau: "Mama, wewe unainama ukiwa umebana pumzi. Ndiyo maana mgongo unakuuma na usingizi huna."

Ilikuwa kweli, na mimi sikujua. Tangu ukiwa mdogo, ukikohoa tu nabana pumzi, nasubiri nisikie kama utakohoa tena. Miaka yote hiyo, Editha. Mtu anaweza kuishi amebana pumzi na bado akapika na kulima.

Ukaanza kunifundisha. Kila asubuhi kabla ya kushika jembe. Ukasema kidogo kila siku, mama, siyo kingi Jumamosi halafu basi. Mkao wa paka, wa kupandisha mgongo na kuushusha, niliupenda. Ule wa mbwa anayejinyoosha ulinitia aibu, kitenge kilinifunika kichwa, ikabidi nivae suruali ya michezo ya Konsolata kwa ndani. Na siku hiyo hiyo ndiyo Mama Devota anapita na ndoo yake kichwani. "Mama Editha, umedondosha sindano? Mbona mnaitafuta wawili?" Halafu akaongeza, "Hiyo ni dini ya Wahindi. Katekista anajua?" Na wewe, adabu yako yote, "Shikamoo mama Devota. Mgongo wa mama ukinyooka, nitampeleka kwa katekista mwenyewe auangalie."

Na ulinyooka. Siyo kwa siku moja. Ulinyooka polepole mpaka siku moja nikajikuta nimebeba maji na sijaguna. Nikaanza kulala. Ukanifundisha pumzi, iingie kwa pua, ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Na wewe mwenyewe ulikuwa unakwenda kanisani na kurudi bila kuangalia ndege sana.

Ni ule wa mwisho tu niliokataa.

Jina lake ulinitajia mara moja, mkao wa maiti, nikakuziba mdomo kwa mkono wangu wenye unga. Mtu analala chali, miguu ameiachia, viganja vimeangalia juu, hatikisiki. Nikasema mtu aliye hai halali hivyo, huko ni kujiitia mambo. Kila tulipofika hapo nilikimbilia jikoni, nikijifanya uji unaungua. Ulikuwa unaniita ukiwa umelala hapo hapo, "Mama, hauishii chali! Unageuka ubavu kwanza, wa kulia, unatulia kidogo kama mtoto tumboni, ndipo unajisukuma kwa mkono unaamka. Usipogeuka, hujamaliza." Mimi kule jikoni nilikuwa nasikiliza. Nikisikia umeinuka, ndipo nakoroga.

Sasa naandika ile asubuhi. Mwandiko utaharibika, nivumilie.

Ukungu ulikuwa mzito, hata migomba haionekani. Nikachungulia chumbani kwenu. Konsolata alikuwa ameshaamka, yuko uani. Wewe umelala chali kitandani, viganja vimeangalia juu, uso umetulia. Nikafikiri kwa baridi hii leo ameamua kufanya ndani. Nikarudi kwa kunyata. Nikamwambia Konsolata, "Usigonge masufuria, dada yako yuko kwenye ule wa mwisho." Nikafukuza kuku mlangoni wasikusumbue. Nikamimina uji wako nikaufunika. Nikakaa jikoni nasubiri kusikia ukigeuka.

Hukugeuka.

Muuguzi wa zahanati alisema moyo ulisimama tangu usiku, hata ningekugusa ningekuta umeshakwenda. Nilimsikia. Lakini kusikia ni kwa masikio.

Msibani wanawake walitoa nje kila mkeka uliokuwa ndani, na kile chako wakakitandaza. Nikaona bibi watatu wamekikalia, miguu wameinyoosha mbele, na Mama Devota anakibonyeza kwa kidole. "Hiki kinawafaa wenye makalio ya mifupa kama mimi. Kimetoka wapi?" Nikacheka, katikati ya kilio, nikacheka kabisa. Watu wakaniangalia wakidhani akili imeondoka. Nilikuwa nataka wewe usikie.

Matanga yalipokwisha nilikiviringisha, nikakifunga kwa kamba ya mgomba, nikakitupa darini. Sitakuficha nilichokuwa nawaza. Niliwaza mwanangu amelala kama maiti kila asubuhi mpaka kifo kikamzoea, kikamwona ni wake. Niliamini hivyo, Editha. Nikaacha yote, ya paka, ya pumzi, yote. Mgongo ukarudi. Usingizi ukaenda zake. Nikawa naamka kumgusa Konsolata mguu nione kama una joto. Naye anashtuka, anaamka, halafu halali tena. Ikafika mahali mwalimu wake akaleta ujumbe kwamba mtoto anasinzia darasani, na alama zake zinashuka. Yule mtoto anayetaka kuwa muuguzi! Nikamwona macho yamemuingia ndani. Nikazidi kuogopa, na kwa kuogopa nikazidi kumgusa mguu.

Sasa wiki iliyopita, asubuhi, nimeacha uji motoni nimetoka kutafuta kuni, nazunguka nyuma ya nyumba, namkuta Konsolata kwenye kimkeka chako. Amekishusha. Amelala chali, viganja juu, macho amefumba.

Kuni sijui nilizitupa wapi. Nilimvuta mkono, nusura niutegue. "Amka! Nasema amka!"

Akaamka analia kwa hasira. Hujawahi kumwona hivyo, yule mpole wetu. Akasema, "Mama, kulala chali kungekuwa kunaua, kijiji kizima cha Bukiriro kingeshakwisha!" Halafu akasema, "Dada aliumwa moyo. Wewe unajua, ulimpeleka hospitali wewe mwenyewe tangu mtoto." Halafu akashusha sauti. "Hapa ndipo ninapopumua, mama. Ndani ya nyumba unanihesabia pumzi."

Nikakaa chini hapo hapo. Mtoto niliyekuwa namlinda asife, nilikuwa namnyima pumzi kwa mikono yangu.

Mama Devota alisikia makelele akaja, mkono kiunoni, anatembea kama bata. Alituangalia, akaangalia kimkeka, hakuuliza. Akasema tu, "Kama mmemaliza kupigana, na mimi nataka ile ya kutafuta sindano. Kiuno kimenishinda, na mzee wangu anasema nimemkaribia kwa uzee."

Konsolata akacheka na machozi yake. Mama wee, ni kicheko chako kile. Tukafanya, watatu, Mama Devota akilalamika kila mkao. Konsolata anaongoza, maneno ni yale yale ya kwako, hata pale unapovuta "polepoleee" anavuta hivyo hivyo.

Tukafika kwenye ule wa mwisho. Akaniambia, "Mama, ukitaka nenda jikoni."

Sikwenda.

Nililala chali chini, hapo ulipokuwa unalala wewe. Moyo ulinipiga kama mchi. Nikaona majani ya migomba juu, na mawingu katikati yake. Nikakumbuka, ya kutoka iwe ndefu. Nikaitoa. Nikaitoa tena. Mama Devota pembeni akaanza kukoroma. Na pale, mwanangu, nikaelewa kwamba huku ndiko ulikokuwa unakuja kila asubuhi wakati mimi nimekimbilia uji. Siyo kubaya huku. Kumetulia. Ulikuwa unaniita nije nione, na mimi nilikuwa nadhani unaaga.

Konsolata akasema, "Mama, geuka ubavu kwanza."

Nikageuka. Na kilio kikanishika pale pale ubavuni, siyo chali, kwa sababu pale ndipo wewe hukufika. Nililia nimejikunja kama mtoto tumboni, na hakuna aliyeniharakisha. Halafu nikaweka mkono chini, nikajisukuma, nikaamka. Uji ulikuwa umeungua kweli safari hii.

Sasa kimkeka hakiko darini, kiko nyuma ya mlango, kinatoka kila asubuhi kabla ya jembe. Mama Devota anakuja na wa kwake wa ukindu, na juzi alimwambia katekista mbele yangu kwamba hata yeye angefaidika na ile ya paka. Mgongo wangu bado, unaanza kuelewa tena. Konsolata analala. Mguu wake siugusi. Jana niliugusa, nisidanganye, lakini kidogo tu, hakuamka.

Sina mengi, mwanangu. Nakuaga hapa, mkono umechoka, na mbuzi wako wananililia. Nakuahidi sitaacha, hata msimu wa kupanda, hata siku ambazo moyo unakataa. Na kila asubuhi nikifika pale ulipoishia, nitageuka.

Wewe lala tu. Mimi nageuka kwa ajili yetu wawili.

Mama yako