"Childrens" ni Neno Lako, Dada

Dada Furaha,

Naomi wako amepanda darasa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hujauliza kama mimi mwenyewe ni mzima. Mimi ni mzima. Bado niko Mobeni kwenye ghala, nafunga maboksi, ila sasa wamenipa kusimamia wenzangu kwa sababu ya Kiingereza changu. Tulihama kile chumba cha Glenwood. Wanafunzi walipiga muziki mno, na kila nilipogeuka nilikuona wewe. Sasa tuko Sydenham, vyumba viwili, na jiko ni letu peke yetu.

Nakuandikia kwa sababu nina wivu. Nilimwambia mchungaji, akasema mtu hamwonei wivu marehemu. Mchungaji hakukujua.

Unakumbuka tulivyofika Durban na Kifaransa chetu ambacho hakikuweza kutununulia hata mkate? Mimi nikaenda darasa la Kiingereza la kanisani, jioni, miguu ikiuma baada ya kazi. Nikajifunza kwamba mtoto mmoja ni "child", wengi ni "children", basi, huongezi "s", wingi umeshaingia. Nikajifunza kwamba ndani ya "I'm" ile "am" tayari iko. Nikajifunza "their" ya kwao na "there" ya pale, ambazo sikio halizitofautishi, kalamu tu ndiyo inazijua. Nilirudi nikakufundisha wewe ukiwa unapika sombe, majani ya muhogo yakichemka. Ulinisikiliza, halafu ukasema, "Mdogo wangu, viatu wanavipa s, watoto wanawanyima? Hawa watu wako na roho gani?"

Wewe Kiingereza chako ulikiokota saluni, ukisuka vichwa vya watu. Kila mteja ulimwita "sisi", dada kwa Kizulu: "Sisi, sit. How many childrens you have?" "I'm is coming, don't go." Wamama wa Kizulu walicheka mpaka machozi, na safari nyingine walirudi na dada zao. Mimi niliingia dukani nikasema kila neno sawasawa, na muuzaji akanijibu bila kunitazama. Wewe ulisema "two breads" ukaitwa "my darling". Kwa hiyo huu wivu haukuanza makaburini, Dada. Nilikuwa nao tangu tukiwa wote jikoni.

Halafu ukaumwa, mwaka ule baada ya Kombe la Dunia, ukaenda haraka hivyo. Ukaniachia Naomi.

Nilifikiri sasa atakuwa wangu. Nasema ukweli. Nilimpikia, nilimwogesha, nilimsuka vibaya, nilikaa naye kwenye homa. Aliniita mama mdogo, kwa heshima, kama mtu anayekaa kwa watu. Na kila alipofungua mdomo kwa Kiingereza, ulitoka wewe.

Mwaka jana mwalimu wake aliniita shuleni. Mama mpole, wa Kihindi, aliniwekea karatasi ya Naomi mezani. Walikuwa wameambiwa waandike juu ya familia. Wino mwekundu ulijaa kama surua. "My mother love all the childrens and the peoples." "She say I'm is coming." Mwalimu akaniuliza nani anazungumza Kiingereza nyumbani. Nikamwambia ni mimi. Tukaongea kidogo, akasema, "But your English is very good."

Dada, miaka yote niliyoingoja sentensi hiyo! Na ilipokuja, nyuma yake ikafuata nyingine: basi mtoto anayatoa wapi haya? Nikasema, "From her mother." Akasema kwa upole, pengine mama yake angekuja waongee. Hakuwa amejua. Naomi alikuwa amekaa pembeni, anatazama viatu vyake. Ilibidi niseme mimi kwamba umekufa, kwa Kiingereza kilichonyooka, bila kosa hata moja.

Tangu siku ile nikaanza vita. Akisema "childrens", namkatiza. "Children. Sema." Anasema, "Mama alisema childrens." Namwambia tena, sauti ikipanda. Asubuhi moja, anafunga viatu vya shule, nikamjibu, "Mama yako alikosea."

Alinitazama. Akamaliza kufunga viatu. Tangu hapo hakuniambia tena neno hata moja la Kiingereza. Kwangu ni Kiswahili tu, kifupi, "ndiyo mama mdogo", "hapana mama mdogo". Na shuleni akanyamaza kabisa. Mwalimu alipiga simu: akiitwa kusoma kwa sauti, anasimama, kitabu mkononi, mdomo umefungwa. Wakasema ikiendelea hivi atarudia darasa. Mimi niliyemtaka aongee vizuri kuliko wote, nimemfanya bubu.

Sikujua la kufanya. Jumamosi moja nikampeleka mjini asukwe, pale pale saluni yako. Sikuwa nimekanyaga pale tangu msiba. Kwenye kiti chako anakaa msichana wa nchi yetu, wa Kasai, vidole vyepesi, lakini si kama wewe. Tumeingia tu, mama mmoja Mzulu, mmoja wa wale wateja wako wa siku zote, akapiga kelele kutoka chini ya mashine ya kukausha nywele: "Hawu! Look, it's Furaha's childrens!"

Saluni yote ikacheka. Wote wanasema hivyo sasa, Dada. Watu waliozaliwa na lugha hiyo, wanasema "childrens" kwa makusudi, wanasema "I'm is going" wakichukua mikoba yao, kwa kukukumbuka wewe. Walimkumbatia Naomi, wakamvuta huku na huku.

Wivu ulinipanda mpaka nikatoka nje nikasimama kando ya barabara. Nilijiuliza nikifa mimi, nani atabeba neno langu hata moja? Kilicho sawa hakina mwenyewe. Nikiwa pale nikasikia sauti ya Naomi ndani, Kiingereza, haraka haraka, anasimulia kitu, na wale wamama wanapiga makofi. Sikuwa nimeisikia sauti hiyo kwa muda mrefu.

Tulipokuwa tunarudi kushika taxi, tumesimama kwenye taa za barabarani, robot ya hapa, nikamuuliza, "Kwa nini na wao unaongea?"

Akasema, "Mama mdogo, unafikiri sijui? Najua ni children. Najua toka zamani."

"Sasa kwa nini unaandika childrens?"

"Juu children ni yako. Uko unaisema kila siku. Ile ya mama, nisipoisema mimi, nani ataisema?"

Robot iligeuka kijani, watu wakavuka, sisi tukabaki. Nilimwambia, "Shuleni iandike yangu. Nyumbani sema ya mama, sitakukatiza." Akafikiri, mkono wake ukaingia mkononi mwangu. "Sharp," akakubali.

Jumatatu alisoma kwa sauti. Mwalimu alinipigia mwenyewe kunieleza.

Lakini sikiliza la wiki hii, maana ndilo limenifanya nishike kalamu. Tulikuwa jikoni asubuhi, tumekuta panya wadogo wametoboa mfuko wa unga. Naomi akainama akawatazama wakikimbia, halafu akageuka, uso umebadilika. "Mama mdogo, mama alikuwa anasema mices ao mouses?"

Alikuwa amesahau. Ameanza kukusahau, Dada, kidogo kidogo, kama watoto wote. Naye hana wa kumuuliza isipokuwa mimi. Ningeweza kusema, "Alisema mice," na neno langu likakaa mahali pako, na hakuna ambaye angejua kamwe. Lilinifika mpaka kwenye ulimi.

Nikamwambia, "Alisema mouses. Na aliwapigia kelele kwa Kifaransa."

Alicheka, kile kicheko chako cha kuanzia puani. Roho iliniuma, na bado inauma ninavyoandika. Nikamkorogea uji.

Pumzika, Dada. Sitakuahidi kwamba wivu utaisha, siwezi kusema uongo kwa mtu ambaye hawezi kunijibu. Nakuahidi hili tu: neno lolote atakaloniuliza Naomi, nitampa lako kwanza, ndipo langu.

Mdogo wako.