Betri Niliyoianika Juani

Mjukuu wangu Paskalina,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Gendabi tu wazima, na yule ndama wako sasa ni mtamba.

Unauliza kama kompyuta ndogo inayoendesha pampu ya maji hapo shuleni imekufa kweli. Umeme ukikatika inasahau saa na haijui ianzie diski ipi, na mwalimu anataka kuitupa.

Nilipomaliza shule nilifanya kazi kwenye mizani ya ngano kule Basotu. Kompyuta ya mizani ilianza kusahau vivyo hivyo, wakulima wakiwa foleni na mvua inakuja. Nikatoa betri yake ya ndani, ile inayotunza saa na mipangilio umeme usipokuwepo, bapa kama sarafu, nikaianika juani kama tulivyozoea kuanika betri za redio. Mzee Gidamis, mlinzi wetu, akacheka: "Binti, hata mimi nikiamka sijui ni leo au jana. Utanianika na mimi?"

Jua halikusaidia. Nikaagiza betri mpya Katesh, nikaiweka, ndipo nikaingia kwenye mipangilio, nikachagua diski ya kuanzia na kuhifadhi. Ikawaka. Haikuwa imekufa, ilikosa tu cha kukumbukia.

Mwombe mwalimu asubiri. Zima umeme, badilisha betri kwanza, mipangilio baadaye, la sivyo itasahau tena. Kisha umeme ukikatika na kurudi, nipigie simu ukiwa bombani, nisikie maji yakitoka.

Ni mimi bibi yako,
Martina